Maganda Yaanguke

Katika kikosi cha polisi cha Cotter Springs, ganda la risasi halikuruhusiwa kugusa ardhi. Sheria hiyo haikuandikwa popote, lakini kila askari aliijua kabla hajajua choo kiko wapi. Ukishafyatua risasi zako sita kwenye uwanja wa shabaha, unafungua gurudumu la bastola, unasukuma kijiti chake, maganda matupu yanadondokea kiganjani, kiganja kinatumbukia mfukoni, ndipo unajaza upya. Ganda likikuponyoka, donati za kesho yake ni juu yako, za kikosi kizima, na ziwe zile zilizopakwa sukari nyingi, maana Sajini Virgil Oakes hakula nyingine.

Mwaka ule wa sabini na sita, bastola za magazini zilikuwa mambo ya wanajeshi na majambazi wa sinema. Askari wa mji katika Texas ya magharibi alivaa bastola ya gurudumu, na ya Cotter Springs ilikuwa kubwa kupita za wenzao wote wa jirani: chuma kizito cha kaliba arobaini na moja, mtutu mrefu, mpini mnene wa mbao ya jozi, na risasi nono kama kidole cha mkulima. Mkuu wa polisi aliyezinunua alikuwa na mikono kama sufuria. Hakuwahi kudhani kwamba siku moja bastola mojawapo ingekabidhiwa Nadine Teague.

Nadine alikuwa amekaa miaka mitano kwenye chumba cha redio, akiwatuma wanaume barabarani na kuwangoja warudi, kabla ya kuomba naye atumwe. Wakampa miezi sita ya majaribio. Alipenda kazi ile tangu siku ya kwanza. Alipenda kugonga mlango wa mtu aliyeogopa na kumwona mtu huyo akishusha mabega. Ugomvi wa ndoa aliutuliza kwa maneno, walevi aliwabeba bila kuwatukana, na hakuna aliyelalamika. Kilichobaki kati yake na beji ya kudumu kilikuwa kitu kimoja tu: mtihani wa shabaha. Mara ya kwanza alikuwa ameshindwa. Mara ya pili, na ya mwisho, ilikuwa Ijumaa.

Shabaha yenyewe haikumsumbua. Mpini ulipokuwa mnene mno kwake, aliuchukua nyumbani akaupiga msasa mpaka ukakaa mkononi kama yai. Mkuu alimkemea kwa kukwangua mbao ya serikali, kisha akanyamaza alipoona matundu kwenye karatasi ya shabaha yamekusanyika mahali pamoja kama kuku kwenye mtama. Kilichomsumbua Nadine ni maganda. Kiganja chake kilikuwa kidogo, na maganda sita yale manono hayakuenea. Akijaribu kuyadaka yote anachelewa, filimbi ya mwisho wa muda inalia kabla hajamaliza risasi sita za pili. Akiyaacha yaanguke anamaliza mapema kuliko wote, na Sajini anamwandikia amekosa.

Jumatatu ile ya mazoezi yakaanguka tena.

"Mama Redio!" Royce Pickering alipaza sauti kutoka mstari wa nyuma. Ndiye aliyekuwa naye kwenye zamu moja, kijana mrefu mwenye moyo mzuri na mdomo usio na breki. "Kesho mimi nataka zenye chokoleti. Mbili!"

"Kesho utakula nyasi, Royce."

"Nyasi zenye chokoleti basi."

Sajini Oakes alikuja polepole juu ya changarawe. Alikuwa mtu wa miaka hamsini na kitu, mwembamba, shati limenyooka kama limepigwa pasi akiwa amelivaa. Alikuwa mpiga shabaha bora kuliko wote katika wilaya, na maganda yake yalikuwa yakiingia mfukoni bila hata kugongana. Aliinama, akaokota moja miguuni pa Nadine, akalipuliza vumbi.

"Teague, shabaha yako nzuri," alisema. "Nzuri kuliko ya Royce. Ingawa shangazi yangu kipofu naye ana shabaha nzuri kuliko ya Royce."

"Afande, mimi nimekukosea nini?" Royce akalalama.

"Nyamaza. Teague, nisikilize. Haya maganda tunayajaza baruti tena. Kikosi hiki ni maskini. Halafu mimi sitaki uwanja wangu uonekane kama sakafu ya baa. Unadaka, unatia mfukoni, unajaza. Basi. Ijumaa ukiyaangusha, nakurudisha kwenye redio, na si kwa ubaya. Nitakuwa nimefuata kanuni."

"Afande, naomba niulize."

"Uliza."

"Mtu akinishambulia mtaani, atanisubiri kwanza nitie maganda mfukoni?"

Wanaume wawili wakacheka. Sajini hakucheka, wala hakukasirika. Alimtazama kama mwalimu anavyomtazama mtoto aliyeuliza kwa nini mbili na mbili ni nne.

"Mtaani utafanya ya mtaani," alisema. "Uwanjani utafanya ya uwanjani. Mtu mwenye akili anajua yuko wapi."

Nadine alitaka kumjibu kwamba akili inajua, lakini mkono je? Mtu hashindani na filimbi.

Usiku huo na uliofuata alisimama kando ya kitanda chake akiwa na bastola tupu na maganda aliyookota, akajifunza kudaka. Alifungua, akasukuma, akakunja vidole, akatia mfukoni. Mwanzoni yalimwagika juu ya blanketi. Baadaye yakawa yanamwagika mawili tu. Kisha akagundua kwamba akikilaza kiganja upande na kukaza kidole cha mwisho, yanaingia yote. Alipaswa kufurahi. Aliweza sasa, Ijumaa angepita. Lakini alipokwenda jikoni kunywa maji, aliangusha kifuniko cha chupa, na kabla hajafikiri mkono wake ukakidaka na kukitia mfukoni mwa gauni.

Alisimama pale akiushika mkono wake kwa mkono mwingine, kama anamshika mtoto aliyetaka kukimbilia barabarani. Wazee husema mazoea yana taabu, nao hawakusema kwa kupoteza wakati. Siku mbili tu, na mkono tayari ulikuwa umeanza kumsikiliza mtu mwingine.

Asubuhi ya Alhamisi alipita chumba cha redio. Imogene Tull, mama wa makamo aliyechukua kiti chake, alikuwa ameweka miguu juu ya ndoo na simu begani.

"Kiti chako kina joto bado, mwanangu," Imogene alisema, akiziba simu kwa kiganja. "Nimekilinda. Kuna feni mpya."

"Mwachie mwingine, Imogene."

"Umejua kudaka?"

"Nimejua. Na sitadaka."

Imogene aliiweka simu chini kabisa, mtu wa upande wa pili akiwa bado anaongea. "Hebu rudia."

"Kesho nitapiga vizuri kadiri ninavyoweza, na maganda yataanguka. Sajini akiona ninafaa, sawa. Akiona sifai, nitakuja kukaa chini ya hiyo feni. Lakini siwezi kuufundisha mkono wangu uongo halafu nitembee nao mtaani."

"Wewe kichwa chako ni jiwe," Imogene alisema, lakini alisema kwa sauti ambayo mtu hutumia kumwambia mwenzake kwamba nguo imempendeza.

Mchana huo Sajini mwenyewe ndiye aliyekaa kwenye gari na Nadine, kwa sababu ilikuwa desturi yake kumpeleka doria kila anayekaribia mtihani. Jua lilikuwa kali mpaka lami inang'aa. Walikuwa wameegesha mbele ya duka la vyakula vya mifugo, Sajini akila sandwichi yake ya mayai juu ya leso, redio ilipokohoa.

"Wapendwa wangu," ilikuwa sauti ya Imogene, "kuna fahali ametoroka pale mnadani. Amevunja uzio na mguu wa mwenye uzio. Anakuja mtaa mkuu, na hana adabu."

"Mkubwa kiasi gani?" Nadine aliuliza.

"Aliyepiga simu amesema, 'kama gari lenu, ila limekasirika.'"

Hawakuhitaji kumtafuta. Alitokea kwenye kona ya benki, fahali wa kijivu mwenye nundu, kamba iliyokatika ikimning'inia shingoni, akipiga kwato kwenye lami kama mtu anayegonga mlango kwa ghadhabu. Watu walikimbilia ndani ya maduka. Mwanamke mmoja aliachia toroli lake la sokoni, na fahali akalirusha juu ya gari dogo la buluu, nyanya zikatapakaa. Kutoka pale alipokuwa hadi bwawa la kuogelea la mji, ambalo Alhamisi hujaa watoto, palikuwa na mitaa miwili tu na uzio wa waya.

Sajini Oakes aliweka sandwichi juu ya leso, akaikunja leso, akashuka. Kwa Nadine huo ndio ulikuwa uzuri wa mtu yule: hakuharakishwa na chochote.

"Nitamsimamisha hapa," alisema. "Wewe shika upande wa kulia. Angalia kilicho nyuma yake kabla ya kufyatua. Hizi risasi zinapita fahali na mwenye fahali."

Alisimama katikati ya mtaa, miguu imeachana, bastola kwa mikono miwili. Mlio wa kwanza ulitikisa vioo. Alimpata begani. Fahali akasita, akatikisa kichwa kama anafukuza nzi, akaja. Mlio wa pili, wa tatu. Sajini hakukosa hata mara moja, lakini mnyama yule alikuwa ameinamisha kichwa, na risasi zilikuwa zikiingia kwenye misuli ya nundu na mabega, mahali panapouma bila kuua. Nadine alikimbia kando mpaka akaona, nyuma ya fahali, ukuta wa matofali wa ghala la pamba badala ya kioo cha kinyozi na nyuso zilizobanana ndani yake. Hapo naye akafyatua. Fahali aliyumba, akapiga magoti. Nadine alifyatua zote sita, Sajini naye akamaliza zake, na mtaa ukawa kimya kwa muda wa kuvuta pumzi.

Kisha fahali akainuka.

Aliinuka kwa taabu, miguu ya nyuma kwanza, damu ikimtoka puani, akamgeukia Sajini. Bastola zote mbili zilikuwa tupu.

Mambo yaliyofuata Nadine aliyaona yote, ingawa macho yake yalikuwa kwa fahali. Mkono wake wa kulia ulifungua gurudumu, wa kushoto ukapiga kijiti kwa nguvu, mtutu ukitazama mbinguni, na maganda yakamwagika kwenye lami yakiimba. Vidole vilikuwa tayari kwenye mfuko wa risasi mkandani. Na kwa pembeni ya jicho alimwona Sajini, hatua chache kutoka pembe, akifanya kazi kwa utulivu uleule wa kila siku. Alifungua. Alisukuma. Alidaka maganda yote sita bila kulipoteza hata moja. Akaushusha mkono wake kutafuta mfuko wa suruali.

Mfuko wa suruali ya doria ulikuwa mwembamba kuliko wa suruali ya mazoezi. Mkono uliingia nusu, ukakwama. Sajini Virgil Oakes, mpiga shabaha bora wa wilaya nzima, alisimama mbele ya fahali aliyejeruhiwa akihangaika kuuingiza mkono mfukoni.

"Hei!" Nadine alipiga kelele. "Hei, wewe! Huku!"

Alikuwa ameshajaza; akafunga gurudumu. Alipiga hatua mbili mbele ili ukuta wa matofali ubaki nyuma ya mnyama, akapiga mluzi wa vidole ambao baba yake alimfundisha kuitia ng'ombe. Fahali akageuza kichwa na kukiinua, na kwa mara ya kwanza paji la uso wake likawa wazi. Nadine alifyatua mara moja, akangoja, akafyatua tena. Fahali alianguka ubavu, taratibu, kama mtu aliyechoka anayejilaza.

Watu walianza kutoka madukani. Mtu alipiga makofi, wengine wakafuata. Nadine hakuyapenda makofi hayo. Alikwenda akachuchumaa karibu na mnyama, akamwekea kiganja kwenye paji, mbali na majeraha. "Pole," alimwambia. Hakuna aliyesikia, na hakuwa amekusudia wasikie.

Alipoinuka, Sajini alikuwa palepale, mkono bado umekwama mfukoni. Aliuvuta ukatoka na kitambaa cha mfuko kikiwa nje kama ulimi. Akafungua kiganja. Maganda sita yalikuwa yamelala humo, yamejipanga vizuri. Aliyatazama muda mrefu.

"Afande, umeumia?" Nadine aliuliza.

"Sikujua," alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Teague, naapa, sikujua kwamba nafanya. Nilidhani najaza."

"Najua, afande."

"Wewe uliniambia Jumatatu."

"Nilikuuliza tu, afande."

"Uliniuliza, nami nikakujibu kwa kiburi." Alivuta pumzi. "Nimewafundisha askari kumi na saba. Wote wanadaka. Wote, Teague. Wako barabarani sasa hivi."

Hilo ndilo lililomgusa Nadine. Mzee yule alikuwa ametoka mdomoni mwa kifo, na hofu yake ilikuwa juu ya Royce na wenzake.

Jioni Mkuu alimwita Nadine ofisini, akampa mkono wake mkubwa. Alisema kwamba askari aliyefanya kazi kama ile mtaani hana haja ya karatasi yenye matundu. Mtihani wa kesho amesamehewa, beji ni yake.

"Asante, bwana Mkuu," Nadine alisema. "Lakini nitaufanya."

"Kwa nini? Umepita!"

"Wenzangu wote waliufanya. Nikisamehewa, kesho kutwa Royce atasema nilipewa beji na fahali."

Mkuu alicheka mpaka kiti kikalia. "Na maganda?"

"Yataanguka, bwana Mkuu. Hilo mwulize Sajini."

Sajini hakuulizwa. Ijumaa asubuhi, kikosi kizima kilipopanga mstari kwenye changarawe, alikuja na uso wa mtu ambaye hakulala, akasimama mbele yao. Hakuzunguka mbuyu.

"Jana nilisimama mbele ya fahali nikidaka maganda," alisema. "Mmesikia, najua, maana Imogene ana mdomo. Chekeni sasa tumalize."

Walicheka, lakini kicheko kilikufa haraka. Kila mmoja alikuwa ameshautazama mkono wake.

"Kuanzia leo hakuna kudaka. Risasi zikiisha, mtutu juu, piga kijiti, maganda yaanguke, jaza. Tutaokota mwishoni, wote, na mimi nikiwamo. Teague, wewe kwanza."

Nadine alisimama kwenye mstari. Filimbi ililia. Bastola ilimpiga kiganjani kama mlango mzito unaofungwa, na kila mara aliirudisha mahali pake bila papara. Sita. Maganda yakamwagika miguuni. Sita tena. Filimbi ya mwisho ilipolia alikuwa ameshairudisha bastola kwenye mkoba wake kiunoni na kukunja mikono. Sajini alikwenda mwenyewe kwenye karatasi ya shabaha, akaitazama, akaibandua, akaja nayo.

"Umepita," alisema, mbele ya wote. "Na kwa saa, hakuna aliyewahi kukukaribia hapa, mimi pia."

"Alipewa na fahali!" Royce akapaza sauti, na Nadine akamrushia kofia.

Royce ndiye aliyefuata. Alifyatua vizuri, akafungua, na mkono wake ukadaka. Akautazama kwa mshangao kama umemtukana. "Afande, umedaka wenyewe!" Aliyemfuata akadaka. Wa tatu akaangusha matatu, akadaka matatu. Hakuna aliyecheka tena.

Mwisho Sajini akaingia mstarini. Alifyatua sita zake, zote katikati. Alipiga kijiti, na maganda yakaanguka, na watu wakaanza kushangilia. Lakini mkono wake mtupu, usio na kitu cha kubeba, ukashuka hata hivyo, ukaingia mfukoni, ukatoka. Filimbi ikalia, risasi mbili zikiwa hazijatoka.

Sajini Oakes alijaza daftari lake mwenyewe, akaandika kwamba ameshindwa, akaweka sahihi. Kisha akatembea hadi mwisho wa foleni, nyuma ya vijana wote, akasimama hapo kama mwanafunzi wa siku ya kwanza.

"Teague," aliita kutoka kule. "Huna haraka ya kwenda popote?"

"Doria yangu inaanza saa nane, afande."

"Basi tuna muda. Njoo unionyeshe. Polepole, tafadhali. Mkono huu ni mzee."

Nadine aliichukua bastola yake tupu, akaenda kusimama kando yake. Akaufungua mkono wa Sajini kwa vidole vyake vidogo, akauweka palipostahili, kwenye mfuko wa risasi mkandani.